Kivuli Nilichokwambia Ukikate

Mdogo wangu Yona,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni studio, hapa Mandewa, viatu nimevua na magoti yanauma. Jana nilikuwa na harusi, tangu saluni asubuhi mpaka keki. Bibi harusi ameshanitumia ujumbe mara tatu, anataka nimpunguze unene wa mikono kwenye picha. Nimechoka, Yona. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Nikiinua kamera siku hizi naiona nzito kama jiwe la kusagia.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi mtu wa harusi na pasipoti saizi, wewe mtu wa ndege na mashamba ya alizeti, na kila mmoja alimwona mwenzake anapoteza muda. Ulisema nawapanga watu kama soda dukani. Nami nikasema wewe unapiga viumbe ambao hawatakuja kuchukua picha zao. Basi tukaanzisha lile kundi la WhatsApp, tukamwita yule jamaa wa mpira, na yule mama wa Iramba anayepiga picha za vyakula, na wengine wakafuata. Sheria ilikuwa moja tu: Jumapili baada ya ibada unaweka picha yako, unaeleza ulivyoipiga, halafu unatulia usemwe.

Pale ndipo uliponifundisha kusubiri. "Wakimaliza kutabasamu, dada, usishushe kamera," uliniambia. "Ndege akidhani umemaliza, ndipo anapojinyoosha." Nilikucheka, lakini Jumamosi iliyofuata nikajaribu kwa baba wa bibi harusi mmoja. Alitabasamu kama nilivyomwagiza, akaona nimetulia, akajua imekwisha. Akageuka, akaanza kumwekea sawa binti yake shela kwa vile vidole vyake vya jembe, taratibu, kama anaogopa kuichana. Nikapiga. Picha ile imeniletea wateja wengi kuliko bango langu la barabarani.

Na mimi nilikufundisha nini? Nilikufundisha usafi. Picha zako za asubuhi pale ziwani Singidani zilikuwa na kosa lile lile: jua liko nyuma yako, limeinama, na kivuli chako kimelala kwenye matope mbele, kirefu, kimeingia kwenye picha bila kualikwa. Nilikusema mbele ya kundi zima. Chuchumaa, nikakwambia, au sogea, ukishindwa kikate. Ukaniandikia: "Dada, kwani mimi sikuwepo?" Watu wakacheka. Nikakujibu kwamba picha ni ya ndege, si yako.

Ukatii. Ulikuwa msikivu kupita kiasi. Ukawa unakata kila picha, unaihifadhi juu ya ile ya kwanza kwa sababu kadi yako ilikuwa ndogo, na kila Jumapili nilikusifu kwamba sasa umekuwa fundi.

Siku moja tulibadilishana kazi, ukanipeleka ziwani. Upepo wa Singida ulinikata masikio, ndala zikabaki kwenye tope. Nikawaona flamingo wamejazana upande mmoja, na mkono wangu ukanyooka wenyewe, nikawaambia wasogee katikati, kama ninavyowapanga wakwe. Wakaruka wote. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye tope na suruali yako nzuri. Kamera ilikuwa mkononi mwangu, Yona, imewashwa, na wewe upo mbele yangu unacheka. Nikawapiga ndege migongo wakiondoka.

Pikipiki ilipokuangusha ukirudi nyumbani Mgori, ndugu waliniomba kitu kimoja tu, mimi fundi picha wa ukoo: picha yako ya kuweka mbele ya jeneza. Nilitafuta kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye kadi zote. Sikuwa nayo. Nikaandika kwenye kundi, nani ana picha ya Yona. Halafu zikaanza kuingia moja moja: alizeti, mawe, korongo, mvua ikija. Zote ulizipiga wewe. Tumebadilishana picha miaka yote ile na hakuna aliyewahi kumpiga mwenzake. Aibu niliyoipata siku ile bado ninayo.

Tukakuza picha ya kitambulisho chako mpaka pua ikawa vidoa vidoa. Ndiyo iliyokaa mbele ya jeneza. Baada ya matanga nilimpelekea mama aitundike sebuleni, akaitazama kidogo tu, akaigeuza ikatazama ukuta. Akasema, "Huyu si Yona. Huyu ni mtu aliyekatazwa kucheka. Nitafutie mwanangu."

Nimemtafutia miezi minne. Nilifungua kila picha uliyopiga, nikitafuta kosa nililokukataza. Dada mtu mzima, natafuta kivuli kwenye tope, na kila picha ni safi, imekatwa vizuri kabisa, kama nilivyokufundisha. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Mwishowe nikakumbuka kamera yako, iliyorudi kwenye begi siku ya ajali. Nilikuwa siigusi. Ndani mlikuwa na picha za asubuhi ile ile, ambazo hukupata muda wa kuzikata. Flamingo wachache, maji yametulia, na mbele yao, kwenye tope, wewe, mrefu, viwiko vimeinuka, mguu mmoja umepumzishwa.

Nilichapisha moja kwa ukubwa, nikampelekea mama. Sikumweleza chochote. Niliogopa atasema nimemletea tope. Akaishika kwa mikono miwili, akasogea nayo mlangoni penye mwanga.

"Ndiye," akasema. "Anasimama hivi tangu alipovunjika mguu akichunga."

Ipo sebuleni sasa, juu ya kiti ulichokuwa unakalia. Wageni wakiuliza kwa nini ametundika ndege, mama anawaonyesha kwa kidole wewe uko wapi.

Nisamehe, mdogo wangu. Sikujua nilikuwa nakufundisha kujifuta. Nilidhani nakufundisha kazi, na kazi yenyewe, kama unavyoniona leo, imeniishia mikononi. Nilitaka kuuza kamera. Nikasema kabla ya kuiuza niende ziwani mara moja, nikaenda, nikasimama pale pale penye tope lako. Jua likapanda nyuma yangu. Kivuli changu kikatangulia mbele, kinene, na kilemba kimekaa upande. Mguu ulitaka kusogea wenyewe kwa mazoea. Nikauzuia, nikapiga.

Jumapili hii nimeiweka kwenye kundi. Sikueleza nilivyoipiga. Yule jamaa wa mpira hakukawia, akaandika, "Dada, kivuli chako kimeingia."

Nikamjibu, "Najua. Nilikuwepo."

Lala, Yona. Mikono ya bibi harusi nitaishughulikia kesho.

Ni mimi dada yako,
niliyekukata.