Pole Alizopokea Wifi Yako

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mpwa wangu, na kwamba saluni inaendelea kuwapendezesha watu. Sisi huku tunasukuma siku. Watoto wanakula kuliko wanavyosoma, na wifi yako anakusalimia kutoka kwenye cherehani yake, bila hata kuinua mguu kwenye pedali.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, nakujua. Jumapili ulipopiga kumpa wifi yako pole ya saratani ya titi, ulimalizia kwa kusema hata wewe una kauvimbe kifuani, ila hakaumi, kwa hiyo hukajali. Ulisema kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Tangu siku hiyo sina raha, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza niache nimsifie mke wangu kwako, maana nikimsifia usoni ataringa. Dada, yule mwanamke ni kiboko! Habari zilipoenea mtaani, majirani walimiminika na matunda yao na nyuso za msibani. Anawapokea, anawashukuru, halafu anawageuzia kibao na kuwauliza nani kati yao amejipapasa matiti mwezi huu. Wanacheka kwa aibu, naye anawaonyesha juu ya blauzi, kwa vidole, polepole, mpaka kwapani. Anawaambia watazame ngozi iliyobonyea au iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama au inayotoa majimaji au damu, titi lililobadilika umbo, na uvimbe hata kama hauumi. Hasa usiouma, anasema, kwa sababu huo ndio watu huulea. Mafundi wenzake wawili wameshakwenda kupimwa.

Hospitali nako hakunyamaza. Daktari alipotaja upasuaji, yeye akataka kujua kwa nini litoke titi lote na si uvimbe peke yake, kwa nini dawa za dripu zifuate, na mionzi ni ya nini. Daktari, mama mmoja mpole, alivuta kiti akaeleza kwamba tiba haifanani kwa kila mtu. Inategemea aina ya saratani na imefika wapi, na wengine hupewa vidonge vya kuzuia homoni kwa miaka kadhaa. Wifi yako alisikiliza kama anayepokea vipimo vya suti ya harusi.

Na mimi? Mimi nilinyoa kipara, mtaa mzima ukanisifu. Mume gani huyu, walisema, kanyoa ili mkewe asijione peke yake! Nikatabasamu kama mjinga.

Sasa kaa chini, dada. Mgonjwa si wifi yako. Mgonjwa ni mimi.

Ndiyo, mimi Chuma, mchomeleaji mageti. Nilinyoa kwa sababu dawa zilikuwa zinaning'oa nywele. Wifi yako alikuwa ananipima shati, mkono wake ukagusa kitu kigumu nyuma ya chuchu, na chuchu yenyewe imezama. Nikamwambia aache utani, huo ni ugonjwa wa wanawake. Akanijibu kwamba wanaume nao wana matiti, ila akili ndiyo haba. Kliniki tulikuta benchi la akina mama watupu. Wakampisha yeye akae, wakamshika mikono, wakampa pole. Nilitamani ardhi ipasuke. Akanitazama mara moja tu, akazipokea zile pole, na mpaka leo hajazikana. Nilihofia kuchekwa karakana, basi yeye akakubali kuitwa mgonjwa, hata mama yetu akamlilia kwenye simu. Sijawahi kupendwa hivyo, dada. Nalia nikiandika.

Uongo huu ningeendelea nao, kama si kauvimbe kako. Wifi si damu yako, ndiyo maana ugonjwa wake haukukutia hofu. Mimi ni damu yako. Daktari aliniuliza kama kuna ndugu aliyewahi kuugua, nikamtaja shangazi, yule aliyeficha kidonda cha kifua chini ya nguo mpaka kikamuua. Akasema ndugu zangu wa damu wapimwe, na wasichelewe.

Pengine si kitu. Uvimbe mwingi huwa si saratani. Lakini hilo aseme daktari baada ya vipimo, si wewe mbele ya kioo cha saluni. Mimi nimekatwa, nimeshonwa, sasa namalizia dripu, na daktari ana matumaini kwa sababu tuliwahi. Nawe wahi, tafadhali.

Nimekuwekea nafasi Alhamisi ijayo. Wifi yako atabaki na watoto, tutakwenda mimi na wewe. Tutakaa pamoja kati ya wale akina mama, na wakiuliza nani kati yetu ni mgonjwa, nitafungua vifungo vya shati niwaonyeshe kovu.

Nisalimie mpwa wangu sana. Usinipigie simu kubishana. Njoo.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
Chuma