Umeita Mara Moja Tu

Edinburgh, Jumapili ya mwisho ya Novemba. Huu ni mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke Kayenze, na wa kwanza bila wewe.

Dada Kabula,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniambia marahaba, lakini mkono umekataa kuanzia kwingine.

Mwanao Maduhu alinipigia simu tena jana. Ameipaka nyumba chokaa, na chumba kinachotazama ziwa ameniachia mimi. Halafu akashusha sauti: "Mjomba, anaita tena. Giza likiingia, kule kwenye mawe. Anasema Masanja, mara moja, basi. Sauti ni ya mama, hata watoto wameitambua. Rudi umwitikie, apumzike."

Tangu jana nakuona juu ya lile jiwe pana, unachambua dagaa wakavu, kichwa chini. Siku ile nilikuwa nimetoka shule na neno jipya la Kiingereza, engrossed, na mwalimu alitaka tulitungie sentensi. Nikakutungia wewe. Ukataka kujua nimekutukana nini. Nikakueleza kuwa ni mtu ambaye kazi imemchukua akili yote, ukimwita hasikii. Ukacheka mpaka ungo ukakutoka mapajani. "Kumbe Wazungu wana neno la heshima la kumwita mtu kiziwi!"

Kisha ukaacha kucheka. Ukaniambia uziwi huo niutunze, maana jioni pale ufukweni kinachoita kutoka majini huita mara moja tu, na kumchukua anayeitika. Binadamu hurudia. Ndiyo maana kwetu hakuna aliyeitika mwito wa kwanza, hata mama akiita na mwiko mkononi.

Nimetembea na neno lile miaka yote ya kazi yangu ya ukalimani. Halimfai mtu anayejitahidi kusikiliza. Huyo bado yupo, anajilazimisha. Linamfaa yule ambaye hakuamua, kitu kimemchukua mzima mzima. Na mwenyewe hawezi kulisema wakati huohuo. Akishajijua, ameshatoka. Wanaolisema ni wengine, waliosimama kando, wanaomwita.

Ndivyo ulivyo sasa, dada. Kichwa chini. Nakuita, husikii. Basi huyo anayeita kule kwenye mawe ni nani?

Maduhu sikumwambia hili. Juzi jioni nilikuwa nasoma karibu na dirisha, nikasikia Masanja. Jina hilo hapa hakuna anayelijua. Sauti yako, dada, na ule mkwaruzo wake wa moshi. Nilishika ukurasa mpaka chai ikapoa, nikingoja mara ya pili. Haikuja. Na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

Hilo ndilo linalonitisha. Hapa kuna kuta, na ziwa liko mbali, na bado nilikaribia. Nikisimama juu ya lile jiwe, kwa hamu niliyo nayo, nitaitika mwito wa kwanza. Najijua.

Maduhu nitamwambia chumba ampe mwingine, na watoto awafundishe kunyamaza kama ulivyonifundisha.

Lala, dada yangu. Usiinue kichwa kwa ajili yangu. Nakuahidi sitaitika mpaka uite mara ya pili, na hiyo nitaisubiri hukuhuku, mimi mdogo wako Masanja.

Kayenze sitarudi.