Neno Nililomwambia Mshonaji

Mwenzangu, pokea simu basi! Nimejifungia chooni kazini, nakuachia ujumbe wa sauti.

Leo nimemtafsiria mama mmoja mshonaji, kamkimbia mumewe, anaomba nafasi kwenye ile nyumba ya hifadhi ya wanawake. Afisa hajui Kiswahili. Akauliza kama huyu mama ni vulnerable, exposed, defenceless. Maneno matatu kwa mkupuo, yote yakiuliza jambo moja: yuko wazi kudhurika, hana wa kumkinga?

Na mimi nikamgeukia, nikamuuliza, "Mama, wewe ni dhaifu?"

Dhaifu! Nimesema dhaifu, mwenzangu!

Si unatujua tulivyolelewa? Akakaa wima, na shavu lake limevimba vile vile. "Dhaifu? Mimi? Nimelea watoto wanne kwa cherehani. Mwambie simwogopi mtu."

Nikatafsiri neno kwa neno. Hapo sasa sikukosea hata kidogo! Afisa akatabasamu, akasema huyu atajimudu, kitanda apewe mwingine.

Mama alipokwisha kutoka ndipo akili ikanirudia. Ningeuliza tu, "Uko hatarini?" Basi. Hata mtoto angeuliza hivyo.

Nikamkimbilia hadi getini. Mumewe keshafika, sijui kaambiwa na nani. Kamshikia mkoba. Akaniita dada, akanishukuru kwa kumsaidia mkewe. Anatabasamu, mwenzangu.

Yule mama akanisogelea kama anayeniaga, akaninong'oneza:

"Kwani nilijibu vibaya?"