Chupa Uliyomtumia Moraa

Mama mpendwa,

Sijawahi kumwambia mtu hili: kanisani mnapomwombea dada Moraa aongezewe kinga, mimi huomba kimyakimya ipungue.

Hapa hospitalini Kisii mvua haikatiki. Moraa amevimba uso na miguu. "Nimewashinda akina mama wauza ndizi wa soko la Daraja Mbili kwa unene," ananitania. Leo daktari amethibitisha nililosoma: katika ugonjwa wake huu wa lupus, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo kinga na zinapaswa kuua viini vya magonjwa, zinashambulia figo zake mwenyewe. Dawa zake ni za kuzituliza. Dawa zikishindwa, ataishi kwa mashine ya kusafisha damu.

Jioni shangazi akaleta chupa yako ya mitishamba. "Kunywa yote, iamshe kinga!" Moraa akaifungua, kwa kuwa ni wewe uliyeichemsha.

"Shangazi, asinywe," nikasema.

"Wewe wa vitabu, umekuwa daktari lini?"

Mama, najua uliichemsha kwa upendo. Nakuombea afya, na usichume chai kwenye baridi hii. Nilimwita daktari, naye akakataza. Nikaimwaga yote kwenye sinki, nikaosha chupa, nikarudi kumkanda Moraa miguu.

Mwanao, Nyaboke