Mashine ya Sita, Ile Iliyokuwa Mimbari

Beni, Mulekera. Siku ya posho, Jumamosi, kisha muchana kupita.

Mvua inapiga mabati ya nyumba ya koko, bibi yetu, na hakuna mutu anasikia mwenzake, na hiyo ndiyo hali ya hewa ninayoipenda. Courant haiko, taa haiwaki. Telefone inakaribia kuzimika. Donc nitaandika mbio, na makosa mutayameza.

Tangu asubui nimepima kumupenda tonton Mumbere. Nimeshindwa.

Kwa bale bapya banaonisoma hapa: tonton Mumbere ni mudogo wa baba. Anauzisha vipande vya pikipiki kule Butembo, na tunakaa naye katika parcelle moja. Kile chumba cha nyuma, tulichokuwa tunafanyia devoirs za masomo, alikichukua. Sasa anakiita musée, makumbusho. Ndani kuna mashine saba za jeu, za kuchezea kwa kulipa, zile za zamani, kubwa kama kabati, za mbao, zenye écran juu, kijiti na mabouton chini, na tundu la kuingizia jeton, ile sarafu ya kuchezea. Mbele mimi nizaliwe zilikuwa nane, katika salle moja ya michezo hapa Beni. Zilitoka Kampala pamoja, fundi mumoja akazichora zote majoka, akaandika namba ubavuni mwa kila moja. Kisha mwenye salle akafunga, akahama, mashine zikasambaa. Tonton amezifuata moja moja sawa mutu anayetafuta mbuzi zake. Moja aliikuta Alimbongo, kuku wanatagia ndani. Akamulipa mwenye kuku, akaiosha kwa brosse ya meno, akatoa machozi. Nilimuona.

Munafikiri anazicheza?

Hata moja.

Amezifunika plastiki. Anasema courant ya groupe, jenereta yetu, itaziunguza. Siku ya yenga, ile ya ibada, anaita rafiki zake babili, nao ni bacollectionneurs ba vitu vya zamani, banasimama mbele ya mashine mikono nyuma, sawa batu banaoaga maiti. Wanabishana juu ya vis, skurubu ndogo. "Hii vis haiko ya kwake." "Iko ya kwake!" "Ndugu, angalia kichwa yake, hii ni vis ya Uchina." Batu bazima, bababa wa batoto, saa muzima juu ya kichwa cha vis. Mudogo yangu Paluku aligusa bouton moja siku moja, tena juu ya plastiki, na tonton akapiga kelele mupaka jirani akatoka inje: "Hapana gusa! Hii haiko jeu!"

Tonton. Iko jeu. Haiko kitu kingine.

Nilisema hivyo ndani ya roho. Maneno yangu yote mazuri yanakaa pale.

Baba ananiambia nimuhurumie. Eti utotoni tonton hakuwa na jeton hata siku moja. Alikuwa anaingia katika salle ile, anasimama nyuma ya migongo ya benzake mupaka banafunga mulango. Nimejaribu kumuhurumia, kweli. Mais mutu aliyesimama nyuma ya migongo utoto wake wote, leo anasimamisha batoto bengine nyuma ya plastiki. Huruma yangu itangoja.

Ilibaki mashine ya sita. Aliitafuta miaka. Alikuwa anasema série bila ya sita ni kama kinywa bila jino la mbele. Na aliyemupatia ile jino ni mimi. Siku ya Pasaka nilipiga koko picha ibada ilipoisha, amesimama karibu na mimbari na kitambaa chake kipya cha kichwa, anacheka. Nikaitia katika groupe WhatsApp ya familia. Bote bakaandika: koko unang'aa, koko Mungu akuongezee siku. Tonton yeye akaivuta picha, akapita juu ya uso wa koko, akashuka mupaka ubavuni mwa mimbari, pale chini ya kitambaa cha krosheti, panapoonekana nusu ya namba na mukia wa joka wa rangi ya njano.

Juu ya koko hakuandika hata neno. Akanipigia simu.

"Masika, ile kitu koko anaegemea ni nini?"

"Mimbari," nikajibu.

Nikasikia anapumua sawa mutu aliyepanda mulima.

Ni kweli, mimbari yetu ni mashine ya jeu. Hapa kwa koko hakuna mutu anayeshangaa, ila tonton hakuwa anaomba katika kanisa hili. Wakati kanisa hili lilikuwa linaanza, batu banaketi juu ya matofali, mwenye salle alikuwa anahama, na ile ya sita écran yake ilikuwa imekufa, akawaachia. Fundi akaziba écran na ubao. Biblia ilikaa vizuri juu yake, mwinamo wenyewe ulikuwa sawasawa. Bamama bakatia kitambaa cha meza cha koko. Ikaisha.

Mais batoto tulijua jambo moja bakubwa hawakulijua. Ukitia mukono chini ya kitambaa, kijiti bado kiko pale, na mupira wake mwekundu juu. Kila mutoto anayetumwa mbele kusema mustari wake wa Noeli, yule aliyemutangulia anamunong'oneza: "Shika kijiti." Hakuna mukubwa alitufundisha. Tulipashana tu.

Mimi ni yule musichana ambaye mwalimu akiuliza, ninalijua jibu kwa kifaransa na kwa kiswahili, na silitoi kwa lugha yoyote. Balimu baliacha kuniuliza. Mais kwa ile mimbari, nikiwa mudogo, nilisema zaburi muzima bila kusimama. Chini ya kitambaa mukono ulikuwa unazungusha kijiti, kushoto, kuume, kushoto, na juu sauti ilikuwa inatoka. Sijui kueleza. Najua tu kwamba ni pale peke yake, pahali pengine hapana.

Basi jana tonton alishuka kutoka Butembo na pickup, mimi katikati yake na chauffeur, anatuhubiria juu ya vis njia nzima. Nyuma, ndani ya blanketi, alileta zawadi kwa kanisa: mimbari mupya ya plexi, kioo kitupu kutoka juu mupaka chini, na taa za bluu ndani ya miguu. Atoe mupya, achukue ya zamani. Niliomba usiku kanisa likatae. Niliona mbele ya macho yangu pasta anasimama na kusema, hii ni nyumba ya Mungu, haiko dépôt yako.

Leo asubui pasta aliona taa ya bluu inawaka. Akakubali hata tonton hajamaliza salamu.

Bamama bakapiga vigelegele. Mama Kahindo, mukubwa wa bamama, akagonga kioo na kidole. "Eeh! Sasa tutaona mupaka viatu ya pasta!"

"Na soksi yake yenye tundu!" mwingine akadakia nyuma.

Pasta ndiye aliyecheka kuwashinda bote. Bakamushika tonton mikono, "wasingya, muheshimiwa, aksanti." Muheshimiwa! Mutu wa minyororo ya pikipiki na mapatini ya frein. Nikamuangalia koko, nikitafuta huzuni hata kidogo katika uso wake. Alitoa kitambaa chake juu ya mimbari, akakikunja, akakitia chini ya kwapa.

"Ni muzuri, kitarudi kwa meza yangu," akasema.

Hata koko.

Niliwadharau bote pale, mumoja mumoja, kwa mustari walivyokuwa bameketi.

Tonton akapiga magoti, akafungua na tournevis kile kimulango cha jeton. Vikamwagika: mbegu za mahindi, karatasi za bombo za kulamba, kipande cha craie ya ubao, jino la mutoto, na jeton moja ya shaba. Jeton akaibusu. Ninaandika kweli, aliibusu. Vingine akavisukuma na kiatu.

"Uchafu ya batoto," akasema.

Lile jino pengine ni langu. Nilitia langu mule nilipolitoa, kwa sababu nilitaka kitu changu kikae pahali panapojua kusema. Nikaona chauffeur analifagia pamoja na vumbi.

Kisha tonton akageukia upande wa juu, pale kitambaa kilipokuwa kinafunika. Akabaki ameinama.

"Kijiti iko wapi?"

Akapapasa pale kwa vidole.

"Pasta, manette iko wapi?"

"Manette gani?" pasta akauliza. Miaka yote anahubiri pale, hakujua.

"Hapa! Ona tundu! Hapa kulikuwa kijiti!"

"Uliza panya, muheshimiwa," Mama Kahindo akasema. "Panya ya hapa inakula mupaka Biblia."

Bakacheka. Tonton hakucheka. Akatembea kwa magoti na pantalon yake ya sherehe, anaangalia chini ya kila benchi. "Mais bila ile haiko complet," alikuwa anasema peke yake. "Haiko complet." Sauti yake ilikuwa karibu kulia. Kisha akanyanyua macho, akaniona.

"Masika. Si we ndiye ulifagia hapa asubui? Haukuona kitu?"

Nikatikisa kichwa. Hata uongo ulinishinda kuusema kwa sauti.

Kijiti kiko ndani ya mufuko wangu wa masomo, katika soksi.

Nilikitoa alfajiri, wakati koko alinituma nifagie. Niliomba kwa Mungu, ndiyo, mais sikungoja jibu. Nikapitisha mukono nyuma, pale pasta anaweka vitabu vya nyimbo, nikashika écrou yake, ile nati. Ilikuwa imelegea sana. Mikono ya batoto ilikuwa imeilegeza miaka yote. Ilizunguka kwa vidole tu.

Mutaniuliza kama ninajuta. Hapana. Wakati banaipandisha mashine kwa pickup na kuifunika bâche, nilikuwa ninakula furaha yangu polepole. Nilikuwa ninaona musée, mashine ya sita ndani ya plastiki yake na tundu lake, na bale bazee babili mikono nyuma, wanaangalia tundu. Wabishane sasa kama tundu ni la kwake, d'origine.

Mais tangu mvua ianze, nimekitoa katika soksi, nikakipangusa, nikakiangalia, nikakirudisha. Kisha nikakitoa tena. Mara ingine nilikipangusa na mafuta ya koko ya nywele ili king'ae. Na Kavira, mutoto wa shangazi, yule mwenye meno ya mbele hayajarudi, akaingia kutafuta sahani. Akaona chekundu. Akanyoosha kidole.

"Hapana gusa!" nikamuambia.

Kwa sauti. Mimi.

Nilipopata sauti kubwa nje ya kanisa kwa mara ya kwanza, ilitoka sauti ya tonton.

Kwa hiyo tuko na collectionneur mwingine katika familia. Ako na kitu kimoja, anakifunika soksi, anakipangusa, na hatacheza nacho siku yoyote. Yule wa Butembo angalau anajua majina ya vis zake. Tangu asubui nimegawa dharau kwa kila mutu wa kanisa hili. Basi sehemu yangu hii hapa, na ni kubwa.

Kavira hakulia. Alisimama tu pale kwa mulango, sahani juu ya tumbo, akaniuliza polepole: "Yaya, kesho nitashika nini?"

Kesho banazindua mimbari ya kioo. Koko aliandikisha majina yetu bila kutuuliza: mimi nisome zaburi, kisha Kavira aseme mustari wake wa kwanza. Batoto benzake walishamunong'oneza habari ya kijiti. Tangu asubui anajifunza mustari huku mukono wake unazunguka hewani, tupu.

Kavira alienda na sahani yake.

Ninaliangalia jambo hili kila upande. Nikikiacha hapa ndani ya soksi, nitasimama nyuma ya kioo na mikono mitupu mbele ya kanisa lote, na sauti itakufa kwa mustari wa kwanza. Nikimurudishia tonton leo, kitaingia plastiki na hakitatoka tena mupaka dunia iishe. Nikikishika kesho, tonton ataona. Yeye ndiye mutoaji, banamuwekea kiti mbele kabisa, na mbele yake hakuna ubao wala krosheti, kuna kioo. Mupira mwekundu na taa ya bluu chini yake. Hata kipofu ataona.

Na mimi sijawahi kufanya kitu kibaya mbele ya batu. Vibaya vyangu vyote ni vya kujificha.

Mvua inapunguka. Koko anaita nimuletee pasi ya makaa.

Mais nimeshakata shauri. Kesho nitapanda nacho. Nitasoma zaburi yangu muzima, nikizungusha kushoto, kuume, na tonton atakuwa pale, anakiona, na hawezi kuinuka, kwa sababu sasa ni muheshimiwa na bamama bote banamuangalia. Nikimaliza sitakitia mufukoni. Nitakitia katika mukono wa Kavira, mbele ya kila mutu, na nitamunong'oneza lile neno. Naye atamupatia yule anayemufuata.

Na tonton akitaka kukigusa, haiko mbali. Apange mustari nyuma ya batoto. Anajua vile banasimama pale nyuma ya migongo.