Jumla Iliyokosa Moja

Uthiru, Jumapili

Kitinda mimba wetu Muli,

Simu zangu hushiki, kwa hivyo nakuandikia. Mama ni mzima na kuku wanataga. Baba, tangu astaafu ualimu, amerudia ile namba ya hesabu aliyoipenda zamani, 33,550,336. Ukijumlisha namba zote ndogo kuliko yenyewe zinazoigawanya bila baki, unapata hiyo hiyo.

Jana alizijumlisha nyuma ya kalenda ya kanisa, ikapungua moja. Akarudia, ikapungua tena. Mama akamwambia, "Umesahau ile moja, ndogo kuliko zote."

Baba akaweka kalamu chini. Tangu mkosane hajawahi kutaja jina lako. Akaniuliza polepole, "Huko Adams Arcade anakoishi Muli, ni mbali?"

Nikamwambia si mbali.

Ni mimi dada yako,
Nzembi