Kwa Nini Sikwenda kwa Wakili wa Mji Wetu

Osterwarf,
Frisia Mashariki.
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mpendwa mpwa wangu Okka,

Kosa wanalolifanya watu wengi wakishtakiwa ni kumtafuta wakili mbali na kwao, kwa sababu ya haya. Nimelitanguliza hata kabla ya salamu kwa kuwa najua barua ndefu huanza kuisoma umesimama jikoni, na nilitaka ukutane na neno hilo kabla maji ya chai hayajachemka.

Sasa nikusalimu inavyostahili. Hujambo, mwanangu? Mumeo Korbinian hajambo? Na Leni, meno ya mbele yameshaota? Mgongo wako unaendeleaje baada ya kuinua wagonjwa majira yote ya baridi? Sisi huku tu wazima. Mkazamjomba wako Gesche anakohoa, lakini ukimuuliza atakwambia ni mimi ninayekohoa. Upepo umeng'oa vigae viwili vya banda la baiskeli, na kondoo wameshaanza kuzaa kwenye tuta la bahari.

Barua yako ilifika juzi. Nimekupigia simu mara tatu, hukupokea, wala sikulaumu. Mtu mwenye aibu akisikia simu inalia huona kama mlango unagongwa. Pengine ni heri, maana haya ninayokuandikia sijui kama sauti yangu ingeyafikisha mwisho.

Niruhusu kwanza nihakikishe nimekuelewa. Mwezi wa Januari ulikuwa ukirudi nyuma na gari la kazi uani kwa mgonjwa wako, ukalikwaruza gari la jirani yake. Mgonjwa mwingine alikuwa akikusubiri umchome insulini. Ukaandika jina lako na namba ya simu, ukaibana karatasi chini ya waipa, ukaenda zako. Karatasi haikuonekana tena, bali mtu aliyekuwa dirishani aliiona namba ya gari lako. Ulidhani umefanya uungwana, kumbe sheria yetu haitosheki na karatasi: hukutakiwa kuondoka bila kumsubiri mwenye gari, au kuwaita polisi asipotokea. Sasa bahasha ya njano ya mahakama imekuja. Hakimu ameshaandika adhabu bila kukuona uso, na adhabu yenyewe ni kunyang'anywa leseni kwa miezi mingi. Muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani asiye na leseni hana kazi. Hilo nalielewa vizuri.

Hujamwambia Korbinian. Na umeniomba nikutafutie wakili huku kaskazini, “mahali ambapo hakuna anayenijua.”

Okka, niliposoma maneno hayo niliikunja barua yako nikatoka nje, nikasimama kwenye upepo bila koti. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe.

Wewe, kama watoto wote wa ukoo wetu, uliambiwa kwamba niliacha ukuu wa shule kwa ajili ya ugonjwa wa moyo. Moyo wangu haujapata kuugua hata siku moja. Mama yako, dada yangu Theda, alinipikia vyakula visivyo na chumvi mwaka mzima, akivileta kwa baiskeli kila Jumamosi, na mimi nikavila huku nikimshukuru. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Ulinichorea moyo uliofungwa bendeji, nikautundika ukutani. Kila nikiupita nilikuwa nainamisha macho.

Ukweli ni huu. Mwaka 1996 nilikuwa na jirani, Mzee Eilers, mstaafu wa reli. Kati ya bustani yake na yangu palikuwa na ua wa miti. Asubuhi moja nikamkuta ameupunguza kwa mkasi wake, bila ruhusa, karibu robo mita.

“Mwalimu mkuu,” akaniambia hata kabla sijamsalimu, “ua wako unakula jua langu.”

“Jua lako? Ulilinunua lini?”

“Siku ile uliyonunua adabu ukaisahau dukani.”

Nilimsukuma. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, yeye sabini na moja. Alianguka juu ya toroli lake, akavunjika kifundo cha mkono. Aliutazama mkono wake, kisha akanitazama mimi, na mimi nikarudi ndani nikafunga mlango. Sikumwinua, Okka. Mke wake ndiye aliyemwinua.

Polisi waliniletea barua ya kuniita nikajieleze. Hapa nikuonyeshe jambo ambalo watu wa nchi yetu hawalijui, au wanalijua na bado hawawezi kulitenda. Anayeshukiwa halazimiki kuitikia wito huo wa polisi. Anaweza kukaa kimya mpaka wakili wake alione jalada la kesi na kujua kilichoandikwa humo. Lakini sisi tumelelewa kwamba barua yenye muhuri hujibiwa, na hujibiwa upesi. Nikavaa tai nikaenda. Askari aliyenihoji aliwahi kuwa mwanafunzi wangu wa historia. Nikamwambia mzee aliteleza mwenyewe. Akaandika neno kwa neno, kisha akaweka kalamu chini.

“Mwalimu, ndivyo ilivyokuwa kweli?”

Nikasema ndivyo. Hakuniuliza tena. Alinisindikiza hadi mlangoni kwa heshima ile ile ya zamani, na heshima hiyo iliniumiza kuliko kama angenitukana. Kumsukuma mzee kulikuwa hasira ya dakika moja. Kumdanganya kijana yule nilikuwa nimekupanga tangu usiku, kitandani.

Mwezi wa Juni ikaja bahasha ya njano kama yako. Niliiacha siku nne bila kuifungua. Nilipoifungua nikaificha hati ndani ya kiti cha piano, na bahasha nikaitupa kwenye jiko la moto. Kumbuka hilo la bahasha, nitalieleza.

Wakili wa kesi za jinai alikuwapo mjini kwetu: Bi Antje Boekhoff, mitaa miwili kutoka nyumbani. Tulikuwa tukinunua mkate duka moja. Mwanawe alisoma shuleni kwangu. Nikajiuliza nitamwangaliaje mama huyu pale kaunta, akijua nilimvunja mzee mkono. Basi nikaenda posta, nikafungua kitabu cha simu cha Hamburg, nikachagua wakili kwa sababu jina lake lilikuwa refu na la kuheshimika. Gesche nikamwambia kuna mkutano wa walimu wakuu. Nikapanda treni nikiwa na mkoba wenye mikate ya safari aliyonitengenezea yeye kwa mkono wake.

Wakili yule alikuwa mtu mwema. Alisoma hati, akavua miwani.

“Bwana Harms, mimi nashughulikia mikataba ya meli. Hii ni kesi ya jinai. Huko kwenu hakuna wakili?”

“Yupo.”

“Anakaa mbali?”

“Mitaa miwili.”

Aliigeuza hati upande wa nyuma. “Na bahasha iko wapi?”

Nikamwambia nimeichoma. Akashika kichwa. Ndipo nilipojifunza, nami ni mtu wa kusoma na kusomesha, kwamba mtumishi wa posta huandika tarehe juu ya bahasha ile, na wiki mbili za kupinga huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo. Siku uliyopata ujasiri wa kuifungua haihusiki. Akaniambia nirudi nyumbani na nigonge mlango wa Bi Boekhoff jioni ile ile.

Nilirudi. Nilipita mbele ya mlango wake. Taa ilikuwa inawaka, nikamwona ameinamia karatasi zake, nikapita. Kesho yake nikapita tena. Hatimaye nikaandika pingamizi mwenyewe na kulituma, nikihesabu siku kwa kubahatisha. Lilifika mahakamani likiwa limechelewa siku tatu. Mahakama ikalikataa, na adhabu ikasimama kana kwamba nimehukumiwa mbele ya watu wote. Idara ya elimu ikapewa taarifa. Ukuu wa shule ukaondoka, nikahamishiwa mji mwingine kama mwalimu wa kawaida. Hapo ndipo nilipoanza kuugua moyo.

Gesche aliikuta hati siku aliyotafuta nota za nyimbo za Krismasi ndani ya kile kiti cha piano. Alingoja mpaka kifungua kinywa. Akanimiminia chai, akatia sukari ya mawe na malai ya maziwa, akauliza kwa upole, “Fokko, leo moyo unakuuma upande upi?” Nilipomaliza kueleza akanikabidhi kofia yangu na kunionyesha mlango. Nikaenda kwa Bi Boekhoff, miezi sita baada ya siku niliyotakiwa kwenda.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kwamba shtaka la aina yangu mlalamikaji angeweza kuliondoa wakati wowote kabla adhabu haijawa ya mwisho, na mara nyingi kesi hufia hapo hapo. “Ningewaweka nyinyi wawili kwenye meza hii na buli la chai,” akasema. “Mzee Eilers namfahamu. Anabweka zaidi kuliko anavyouma. Wakili wa Hamburg angeyajulia wapi hayo, Mwalimu?”

Ilinichukua miaka mingine sita kwenda kumwomba Mzee Eilers radhi. Nilimkuta anamenya viazi kwa mkono ule ambao haukupata kunyooka sawasawa.

“Miaka sita kuvuka ua wa mita moja!” akasema. “Kobe angekuwa ameshaoa upande huu na ana wajukuu.” Halafu akaacha mzaha. Akaniambia kwamba mwezi ule wa Juni alikuwa ameshaandika barua ya kuondoa malalamiko yake. Iliwekwa kabatini, imetiwa sahihi. Alikuwa anangoja nije niseme neno moja.

Ndiyo hayo, mwanangu. Nimeyaandika bila kuyapamba, maana nikiyapamba hutayaamini.

Sasa yako. Bahasha yako, kama ulivyoniandikia, ina tarehe 6 Machi. Wiki mbili zinakwisha Alhamisi, tarehe 20. Naituma barua hii kwa njia ya haraka; ikikufikia Jumatatu utabaki na siku tatu. Pingamizi lenyewe ni sentensi moja tu, lakini lazima liwe limefika mahakamani kwenu siku hiyo. Kuliandika tu hakutoshi. Halikufungi. Wakili akilisoma jalada na kuona halina faida, linaweza kuondolewa kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Lisipofika, hakuna wakili duniani, wa kusini wala kaskazini, atakayekusaidia kirahisi.

Uliniandikia kwamba hapo Kirchthal wakili wa jinai ni mmoja tu, Bi Walburga Steinhuber, na kwamba huwezi kwenda kwake kwa sababu anaimba kwaya pamoja na mama mkwe wako. Okka, wakili anayetoa siri ya mteja wake anatenda kosa la jinai yeye mwenyewe. Ataimba na mama mkwe wako miaka ishirini, sauti ya pili kwa sauti ya tatu, wala hatatoa neno. Na yeye anaweza kufanya lile ambalo wa huku hawezi: kutembea hadi kule uani akaone gari liliegeshwa wapi, kuzungumza na mwenye gari, kuongea na mgonjwa aliyekuwa anangoja sindano. Anajua mahakama ya hapo hupima vipi leseni ya mtu anayeitumia kuwafikia wagonjwa. Mimi sijui, wala wakili wa huku hajui.

Usimwendee yule wakili aliyewaandikia hati ya nyumba, hata kama ni rafiki wa Korbinian. Kila fundi na chombo chake. Muulize Bi Steinhuber amesimamia kesi ngapi za namna yako mbele ya mahakama hiyo. Akikuahidi ushindi kabla ya kuona jalada, shuku. Akikwambia “sijui bado,” kaa. Wala usimpelekee polisi maelezo mengine yoyote, hata yaliyo mazuri.

Kuhusu Korbinian sikupi amri. Nakwambia tu kwamba Gesche alisamehe kule kumsukuma mzee siku hiyo hiyo, lakini ile mikate ya safari ya kwenda Hamburg ananikumbusha mpaka leo, na anapoitaja hacheki.

Mama yako nitamweleza Jumapili, akija kunywa chai. Ana miaka sabini na minane na bado huniuliza kama nakula chumvi. Naogopa kuliko nilivyoogopa mahakama.

Gesche anakusalimu sana, na binamu yako Enno anamsalimu Korbinian. Mbusu Leni kwenye paji la uso. Mungu akutie nguvu katika miguu kwanza, mengine yatafuata.

Wako akupendaye daima,
mjomba wako,
Fokko Harms

N.B. Siku hii hii unayoisoma barua hii, kabla ya saa kumi na moja jioni, chukua hati pamoja na bahasha yake uende ofisini kwa Bi Steinhuber.